Kitambaa Juu ya Kisanduku

Mara tatu nilikwenda nyumbani kwa Mihayo Kapera kutengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika. Nalisema hili mapema, msije mkanidhania fundi hodari.

Kisanduku chenyewe kilikuwa kidogo: kompyuta nzima juu ya kibao kimoja kinachoenea kiganjani, ndani ya boksi la plastiki la kijivu, na spika mbili ubavuni. Kazi yake ni kupiga muziki. Idara ya Faraja ya Reli ya Nyanda humpa kimoja kila mfanyakazi aliyefiwa, akae nacho siku arobaini. Mfiwa huvaa bangili, bangili humwambia kisanduku moyo unakwendaje, kisanduku huuliza mtandaoni, na kutoka huko hushuka muziki wa dakika ile. Moyo ukienda mbio, hushuka kinanda cha taratibu. Ukizama mno, hushuka gitaa la dansi, lile la kutikisa bega. Tanga la siku hizi ni siku tatu tu, kwa sababu treni hazingoji mtu, na siku zinazobaki mfiwa huachiwa kisanduku.

Kisanduku cha Mihayo kilikuwa kinapotea mtandaoni kila siku.

Mara ya kwanza, siku ya tisa ya msiba, nilibadilisha adapta. Vibao hivi vina njaa ya umeme. Ukivilisha kwa waya mwembamba wa kuchajia simu, vinazimia bila kuaga. Mara ya pili nilibadilisha kadi ya kumbukumbu, nikazima na ule mtindo wa redio yake ya ndani, ile ya kushika mtandao, kusinzia ikikosa kazi. Mara ya tatu nikakipa anwani yake ya kudumu kwenye ruta, kisigombanie na vifaa vingine, nikahama na chaneli, maana nilishuku pampu ya jirani inavuruga mawimbi. Kila mara niliondoka asubuhi kikiimba vizuri. Kila mara jioni, kwenye ramani yetu ofisini, nyumba namba 61 ya mtaa wa Ng'ambo ikawaka taa nyekundu.

Siku ya thelathini na saba mkuu wangu, Bwana Lufungulo, alinipigia simu.

"Mwamvita, chati ya Kapera ina matobo thelathini na nne."

"Najua, bosi."

"Siku ya arobaini nafunga taarifa yake. Nataka sababu. Ziko tatu kwenye fomu: kasoro ya kifaa, kasoro ya mtandao, kukusudia. Ikiwa ya tatu, unajua anakwenda wapi."

Nilijua. Mihayo alikuwa mwongozaji: alikaa mbele ya ukuta wa taa pale Tabora na kuamua treni ipi isubiri na ipi ipite, kutoka Kigoma hadi Dodoma. Mwongozaji mwenye chati yenye matobo harudishwi kitini. Hupelekwa ghala la mataruma kuhesabu vyuma, na kiti hupewa mwingine.

"Na nikikosa sababu?" nikauliza.

"Ukikosa, mfumo unachagua wenyewe. Huwa unachagua ya tatu."

Nilipokata simu nilifungua kumbukumbu za kisanduku nikazisoma upya, mstari kwa mstari, jambo ambalo fundi mwenye akili angelifanya siku ya kwanza. Kisanduku kilikuwa kinapotea saa kumi alasiri na kurudi saa kumi na moja. Siku zote, pamoja na Jumapili. Kifaa kibovu hakitazami saa. Kuna mtu alikuwa anatazama kwa niaba yake.

* * *

Siku iliyofuata nilikwenda saa tisa na nusu alasiri, bila kuwaarifu.

Aliyenifungulia alikuwa Bi Nyamizi, mama wa marehemu. Alitoka Sikonge kuja kumzika bintiye Kalunde, na hakurudi. Mihayo alikuwa chumbani kwake. Hao wawili waliishi nyumba moja kama watu wa mitaa miwili, kwa sababu kwao mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni wala hawakai chumba kimoja. Bibi alikuwa na uani na jiko. Mkwe alikuwa na chumba chake. Na sebule iliyokuwa katikati waliiachia kisanduku.

"Fundi," alisema, "leo umekuja jua limegeuka."

"Nimekuja kukaa tu, mama. Sitagusa kitu."

Aliniangalia kwa mashaka, akanionyesha kochi. Sebule nzima ilivaa vitambaa vya kufuma: makochi, meza, mgongo wa kabati, hata jagi la maji. Vyote vilikuwa kazi ya Kalunde. Kisanduku peke yake kilikuwa uchi, juu ya sinia ya aluminiamu niliyokiwekea mimi mwenyewe siku ya kukifunga, ili kipate ubaridi chini. Kilikuwa kinapiga kinanda. Nikaweka kishikwambi changu magotini, nikawa natazama nguvu ya mawimbi. Ilikuwa nzuri, mistari mitano kamili.

Ilipobaki kidogo saa kumi, Bi Nyamizi aliingia akifuta mikono kwa kanga. Alikwenda kwenye kabati, akatoa kitambaa kikubwa kilichokunjwa, akakikung'uta, akakitandaza juu ya kisanduku. Akavuta pembe zake moja moja mpaka zikalala vizuri juu ya sinia, pande zote nne. Kisha akarudi nyuma hatua mbili kutazama kama kimekaa sawa.

Mistari mitano ikawa mmoja. Mmoja ukafutika.

Nilisimama, nikaenda kukigusa kile kitambaa. Kilikuwa kizito kuliko vingine. Kila uzi mweupe ulikuwa umesokotwa pamoja na waya wa shaba, mwembamba kama unywele.

"Mama, hiki kimefumwa na nini?"

"Waya za reli. Si alikuwa karakana ya ishara? Kebo za zamani wakizitupa, yeye alizimenya akaja nazo. Alisema uzi wa dukani unachakaa upesi." Akanyoosha pembe iliyojikunja. "Hiki ndicho alichokimaliza mwisho."

Nilitaka kucheka na nilitaka kujizaba kofi. Wavu wa shaba juu, sinia ya aluminiamu chini, na pembe zinagusana. Mawimbi hayawezi kuingia wala kutoka. Nusu ya kizimba nilikuwa nimeijenga mwenyewe kwa mikono yangu, na mara zote tatu nilipokuja asubuhi kitambaa kilikuwa kabatini.

"Kwa nini unakifunika, mama?"

"Redio haipigwi msibani," alisema, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba moto unaunguza. "Mlinikataza nisikizime. Sijakizima. Mlisema nisikiguse. Sijakigusa. Nimekifunika tu, kama wanavyofunika watu wenye adabu."

"Sasa mbona saa hii tu? Mbona si siku nzima?"

Aliinua kidole, ningoje. Kisanduku kilimalizia wimbo mmoja kiliokuwa nao akibani, dakika tatu hivi, kikanyamaza. Ndipo nikasikia jinsi nyumba ile ilivyokuwa kimya. Nilisikia kuku uani. Nilisikia maji yakidondoka ndoo. Halafu, kutoka chumbani, nikamsikia Mihayo akilia.

Hakulia kwa kelele. Kilikuwa kilio cha mtu aliyekingoja, aliyejua kwamba saa yake imefika. Bi Nyamizi alivuta mkeka mpaka ukutani, akaketi, akaegemeza mgongo ukuta wa chumba kile.

"Baba," akasema, bila kugeuka.

"Mayu," ikaitika sauti ya ndani. Ndivyo wanavyomwita mama kwao.

"Leo zamu yako."

Mihayo akapenga kamasi.

"Alikuwa akininunia, anafagia," alisema. "Hasemi kitu. Nikisikia ufagio jua la mchana, najua nimekosa. Nafikiri nimekosa nini, na yeye anafagia tu."

Bi Nyamizi alitikisa kichwa, machozi yanamtoka, naye hayafuti. "Alianza akiwa na miaka sita. Sikonge nzima hapakuwa na uwanja safi kama wetu. Watu walidhani ni usafi."

Upande wa pili wa ukuta Mihayo alitoa sauti ambayo sikuweza kuijua kama ni kilio au kicheko. Waliendelea hivyo, mmoja akisema jambo dogo, mwingine akilipokea, watu wawili wasiotazamana. Nilikuwa nimekaa pale kama mwizi. Nilielewa kwamba siku thelathini na nane muziki wetu ulikuwa umekaa katikati ya sebule hiyo, na kwamba walipokuwa nao hawakuwahi kusikiana.

Baadaye Bi Nyamizi aligeuka kwangu, macho mekundu, sauti imekauka.

"Na wewe. Si Mzaramo wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mara tano umeingia nyumba ya Wanyamwezi yenye msiba. Hujatutania hata mara moja. Hujatutukana, hujachukua hata kijiko. Unasema pole, pole, kama karani wa benki. Nani alikulea?"

Idara ina mwongozo wa lugha ya upole, kurasa kumi na mbili, na utani wa msibani umekatazwa ukurasa wa pili. Bibi yangu wa Kisarawe aliwahi kujilaza kwenye mwanandani wa kaburi la Mnyamwezi akidai alipwe ndipo marehemu azikwe, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Mjukuu wake alikuwa amekuja na adapta. Niliona aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni.

* * *

Saa kumi na moja Bi Nyamizi alikiondoa kitambaa, akakikunja, akakirudisha kabatini, akaenda zake uani. Kisanduku kilishika mtandao, kikatafakari, kikaanza gitaa. Mihayo akatoka chumbani. Alikuwa mtu mrefu aliyejikunja kidogo, amenawa uso.

"Umeijua sababu," alisema.

"Nimeijua. Lakini sijui kwa nini saa kumi."

Alikaa kochi la mbele yangu. Alizungumza akitazama mikono yake.

"Kalunde alifariki saa kumi kasoro dakika tano. Mimi nilikuwa kitini, zamu yangu inaisha saa kumi na moja. Hospitali ilitoa taarifa kwa Reli mara moja. Reli wakaizuia. Nilikuwa na treni mbili za kupishana stesheni ya Malongwe, ya mizigo na ya abiria, wakaona afadhali moyo wangu utulie." Akakunja vidole. "Nilikuwa nakula karanga, dada. Nilikuwa nakula karanga na kumtania dereva kwenye redio. Mke wangu amekufa saa nzima, mimi natafuna karanga."

Sikusema pole. Nilikuwa nimelichoka hilo neno.

"Mayu anajua hilo," akaendelea. "Hatujawahi kulipanga. Siku ya nne tu alikuja akafunika, saa ileile. Saa ile waliyoninyima ndiyo tunayokaa nayo."

Nikamweleza nilichokuwa nacho. Nilitaka ajue yote, maana lilikuwa jambo lake. Bangili ya mkononi mwake ina akili yake ndogo: kisanduku kikipotea mtandaoni, bangili huendelea kurekodi moyo na kuweka akiba. Fundi anapoandika kasoro ya kifaa, anatakiwa kuitoa akiba ile na kuipakia, ili kuziba matobo ya chati. Nikamgeuzia kishikwambi aone. Siku thelathini na tano, na kila siku mlima mmoja mwekundu: moyo unapanda hadi mia na thelathini, unakaa juu, unashuka.

"Nikiipakia hii," nikasema, "mfumo utaona mtu anayepasuka kila siku. Hutarudi kitini. Nikiifuta, na kuifuta ni kubonyeza hapa mara mbili, nitaandika kwamba akiba iliharibika. Mfumo utaziba matobo kwa wastani wa siku zako zingine. Kesho kutwa chati yako itakuwa safi, na Jumatatu utakuwa kazini."

"Umeshawahi kufanya hivyo?"

Angeuliza mtu mwingine ningekana. "Mara moja. Dereva wa treni ya mizigo, mama wa watoto watatu. Nilimwonea huruma. Hakuna kilichotokea. Lakini mwaka mzima, kila nilipomsikia akipiga honi pale kwenye kivuko, nilisimama nikangoja mpaka mabehewa yote yapite."

Mihayo alitazama ile milima myekundu kwa muda mrefu. Kilikuwa kiti alichokikalia miaka kumi na sita. Niliona jinsi alivyokitaka. Kidole chake kilisogea, kikagusa ukingo wa kioo, kikarudi.

"Treni ya Kigoma inabeba watu mia sita," alisema. "Sitaki wapande juu ya chati ya uongo."

"Basi niipakie."

"Na ghala pia silitaki." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Mimi si mgonjwa, dada. Nalia saa moja kwa siku. Saa ishirini na tatu nina akili zangu timamu. Tazama hapo baada ya mlima. Tazama jinsi unavyoshuka."

Nilitazama. Kweli, kila baada ya mlima moyo wake ulilala chini na kutulia kuliko saa yoyote ya muziki. Ningeona hilo mapema kama ningekuwa natafuta mtu, lakini nilikuwa natafuta hitilafu.

"Mfumo hausomi bonde," nikamwambia. "Unasoma mlima tu."

"Basi aje mtu anisome."

Aliyasema kwa hasira, bila kutegemea kitu. Lakini yalinigonga. Kwenye kanuni zetu kuna kifungu cha kumi na tisa, cha zamani, kilichoandikwa enzi visanduku vilipokuwa vichache: kisanduku kikiondolewa nyumbani kwa mfiwa kabla ya siku arobaini, chati inasimama, na Idara inawajibika kumtuma mtu akamwone mfiwa kwa macho. Miaka tisa niliyokuwa kazini hakuna aliyewahi kukitumia. Fundi anayekiondoa bila ruhusa hujibu mwenyewe.

Niliogopa. Nina mtoto sekondari na nina kazi moja tu. Nilikaa pale mpaka gitaa likamaliza wimbo na kuanza mwingine, na nilipousikia unavyotikisa bega peke yake kwenye sebule ile, nikasimama.

Nikachomoa adapta. Nikafungua kabati, nikatoa kitambaa, nikakifunga kisanduku pamoja na sinia yake, nikafanya kata ya kanga yangu, nikavitwika vyote kichwani.

"Dada, unafanya nini?"

"Mimi ni Mzaramo, na hapa kuna msiba wa Wanyamwezi. Nachukua changu." Nilisikia sauti ya bibi yangu ikinitoka, ile ya kupayuka. "Nyie watu mlibebeshwa mizigo mpaka Bagamoyo, hamjapona mpaka leo. Mkiona boksi tu mnadhani lazima likae kichwani kwenu. Siku thelathini na nane mnalibeba, hamuulizi hata la nani! Leteni nibebe mie, wapagazi wakubwa nyie, mkapumzike."

Mihayo alibaki mdomo wazi. Kisha akacheka. Alicheka akashika tumbo, akakaa chini, na kicheko kikageuka kikawa kile kingine, na hakujificha. Bangili ikawaka nyekundu mkononi mwake. Bi Nyamizi alitokea mlango wa uani, akaona mambo yalivyo, akafunika uso kwa kanga asitazamane na mkwewe. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Wewe mwizi wa Kisarawe," alisema ndani ya kanga. "Kitambaa cha mwanangu kirudishe."

"Kikomboe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa ugali wa arobaini. Na nyama iwe nyingi, si mifupa kama kawaida yenu."

Jioni ile ofisini niliipakia akiba yote ya bangili, siku thelathini na tano, sikufuta hata sekunde. Kwenye fomu sikuchagua hata moja ya zile sababu tatu. Kuna nafasi pembeni ya maelezo ambayo hakuna anayeijaza. Niliandika: *Kisanduku kiko kizima. Kimechukuliwa na mtani wa marehemu, ambaye ni mimi. Kifungu cha kumi na tisa. Njooni mumwone.*

* * *

Siku ya arobaini alikuja Bwana Lufungulo mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, shati limepigwa pasi, na hasira zimepigwa pasi vilevile. Njiani aliniambia kwamba hatima yangu tutaizungumza Jumatatu, na kwamba hapa amekuja kujaza fomu tu, nusu saa haiishi.

Nilikuwa nimerudisha sinia na kitambaa. Kisanduku nilikiacha ofisini kabatini. Tulikuta ugali umeshapikwa na nyama ni nyingi kweli. Baada ya kula, Bwana Lufungulo aliketi sebuleni na Mihayo, akaweka kishikwambi chake juu ya sinia, akaanza kuuliza. Unalala saa ngapi. Unasahau vitu. Unasikia sauti. Mihayo alijibu kila swali kwa utulivu, na kishikwambi kilipeleka kila jibu mtandaoni. Mfumo ukawa unatoa rangi.

Saa kumi ilipokaribia, Mihayo aliomba udhuru. Akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Bi Nyamizi akaja kutoka uani akifuta mikono. Akachukua kitambaa, akakikung'uta, akakitandaza juu ya kishikwambi cha mkuu wangu, akavuta pembe zote nne.

"Mama, samahani," alisema Bwana Lufungulo. Akainua pembe moja, akachungulia. "Mtandao umekatika."

"Najua," nikamwambia. "Kaa, bosi."

Sijui kwa nini alitii. Labda ni sura ya yule mama alipovuta mkeka. Tulikaa wote chini. Ndani kilio kikaanza, na Bi Nyamizi akaegemea ukuta wake.

"Baba. Leo zamu ya nani?"

Kabla Mihayo hajajibu, Bwana Lufungulo alisema, "Naomba iwe yangu."

Bi Nyamizi akageuka. Mimi pia. Alikuwa anatazama kitambaa, na uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Taarifa za misiba hupita mezani kwangu," alisema. "Siku ile ni mimi niliyeizuia. Nilibonyeza hapo palipoandikwa *subirisha*. Nilidhani nafanya vema."

Ndani kilio kikakatika. Niliwaza kwamba nimemleta mtu kwenye nyumba ambayo hatatoka salama. Bi Nyamizi alikuwa ameinua mkono, sijui kumpiga au kumzuia.

"Saa ile," ilisema sauti ya Mihayo kutoka nyuma ya ukuta, polepole, "wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natazama saa ya ukutani. Sikuweza kufanya kingine. Niliitazama mpaka ikafika."

"Mimi nilikuwa nakula karanga."

"Najua. Nilikuwa nakuona kwenye kamera."

Halafu Mihayo akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza kwa sauti, na Bi Nyamizi akashusha mkono wake. Bwana Lufungulo aliinamisha kichwa, akalia kama anavyolia mtu asiye na mazoezi. Mimi nililia pia, na sioni haya kusema. Tulikaa hivyo mpaka jua likahamia ukuta wa pili.

Saa kumi na moja Mihayo alitoka, uso umenawa. Akasimama mbele ya mkuu wangu, wakatazamana. Bwana Lufungulo akatoa kalamu mfukoni na karatasi, akaandika kwa mkono, akamsomea: arudi kitini Jumatatu, kila siku saa kumi hadi saa kumi na moja apokewe na mwenzake, mpaka atakapoacha mwenyewe, na kwamba habari ya msiba isizuiwe tena kwa mwongozaji yeyote. Akatia sahihi. Kuhusu mimi aliandika siku kumi na nne nyumbani bila kazi, akanipa karatasi bila kunitazama. Niliipokea kwa mikono miwili.

Bi Nyamizi akakunja kitambaa. Kishikwambi kikashika mtandao na papo hapo kikaanza kulia, maana wakuu wa Idara nao huvaa bangili za Reli, na ya Bwana Lufungulo, inayopitia kishikwambi chake, ilikuwa imepotea saa nzima. Ujumbe ukajaa kioo: *Ulikuwa nje ya mtandao dakika sitini. Chagua sababu.* Chini yake zilipangwa zile zile tatu.

Alizisoma moja moja. Kisha akaniuliza ile nafasi ya pembeni hufunguliwaje. Nikamwonyesha. Akaandika kwa kidole, herufi kwa herufi, akaituma.

*Nilikuwa msibani.*